Mkono Juu ya Simu

Katandala, Sumbawanga
4 Mei 2024

Mpwa wangu Beda,

Pokea salamu za mtu ambaye intaneti ilipotaka kupanda Ufipa ilimwomba yeye ruhusa kwanza. Ndiye mimi, na kama kuna mwingine anayedai hivyo mlete tusimame naye sokoni watu waamue. Huku tu wazima, ila baridi imewahi mwaka huu, upepo unaingia mpaka kwenye mifupa. Mama yako Klementina hajambo, isipokuwa ule mguu wenye kidonda unamsumbua. Wewe na Dar yako mnaendeleaje? Joto linakuacha ulale?

Umeomba nikuandikie habari za intaneti ya zamani, ile ya kupita kwenye waya wa simu, uweke kwenye ukurasa wako wa kumbukumbu. Umegonga mlango wa mwenye nyumba. Mimi niliishia darasa la sita, lakini la sita la wakati ule, ambalo ukilipima leo unapata chuo na chenji inabaki.

Mwaka 2001 intaneti ya mji huu ilikuwa dukani kwa Mzee Shamsi, nyuma ya magunia ya mchele wa Mtowisa. Kompyuta tatu, modemu moja. Modemu ni kiboksi tu, hakizidi kipande cha sabuni ya mche, lakini kelele zake! Krrrr, ng'iii, ng'oooo, halafu inakohoa kama mtu aliyepaliwa na ugali. Wengine walikuwa wanatoka nje. Mimi niliijua lugha yake. Ikilia kama mbuzi, imeshika Ulaya. Ikikohoa mara mbili, imeishia Mbeya, irudisheni. Kabla kioo hakijasema kitu nawaambia, "Kaeni sawa, hiyo ni Kanada." Na kweli, Meshack huyo hapo, anasalimia.

Maana kulikuwa na ukumbi humo ndani, wa maandishi matupu, unaitwa Baraza la Ufipa. Kila jioni Wafipa waliotawanyika duniani wanaingia. Meshack Kanada, Luciana wa Mwazye aliyekuwa anasomea uuguzi India, na wengine. Luciana swali lake la kwanza siku zote ni moja, "Mvua imenyesha?" Na wa kumjibu ni mimi. Jina langu humo lilikuwa Simba wa Ufipa. Sikuwa mwanachama, Beda. Nilikuwa mwenyekiti. Wasipoiona salamu yangu hawaanzi.

Mengine ukitaka sema. Mimi ni ghala.

Mjomba wako,
Isdori


Dar es Salaam
19 Mei 2024

Shikamoo mjomba,

Natumaini wote hamjambo huko. Mimi niko poa.

Barua yako ni moto. Nimeipiga picha na kuiweka ukurasani vilevile ilivyo, na watu wameipenda balaa. Tafadhali endelea kuandika kwa mkono, na ile ile kalamu inayovuja. Usimpe mtu akuandikie kwenye simu. Ukikosea usifute. Na chumvi usiibanie, mjomba, mwaga.

Mwezi wa kumi tunafikiria kufanya Siku ya Wakongwe wa Mtandao, hapa Dar, ukumbi mkubwa, na nimewaambia wenzangu mgeni rasmi ni wewe. Wanataka kukuona.

Sasa nipe kile kisa chako cha radi.

Mpwa wako,
Beda


Katandala, Sumbawanga
8 Juni 2024

Mpwa wangu Beda,

Marahaba, tena marahaba mbili. Barua yako ilinikuta napura maharage, nikayaacha. Sisi hatujambo, na tunaomba na wewe afya isikupungukie. Unakula lakini? Kwenye picha ya Pasaka shingo ilikuwa imebaki kamba.

Radi. Ilikuwa mwezi wa pili, mvua ile ya Ufipa inayoshuka kama imetumwa. Kompyuta zote zina watu, Luciana yuko hewani India, ukumbi umejaa. Nasikia nguzo ya simu imepigwa kule Izia. Nikatazama dirishani, naiona inakuja na waya, rangi ya bluu, haina haraka, kama mtu anayejua anakokwenda. Shamsi kaingia chini ya meza. Watu wanamwita kila mtakatifu. Mimi nikaweka mkono wangu juu ya simu, huu wa kulia, nikaiambia kwa Kifipa maneno ambayo karatasi ya dukani haiwezi kuyabeba. Hapa niliacha kalamu kidogo, mama yako aliniita nimgeuze. Mguu umevimba na kidole kimoja kimekuwa cheusi. Anauliza utakuja lini, na kama huji basi hata upige simu asikie sauti. Nimerudi. Basi ile radi ikasimama. Ikanitazama. Ikageuka na waya ule ule, ikashuka bondeni ikaenda kuua ng'ombe wa mtu mmoja wa Muze. Mwenye ng'ombe alikuja kunidai, nikamwambia apeleke madai mbinguni. Luciana aliandika kwamba kule India alisikia joto kwenye vidole.

Habari ya ukumbi nimeichukulia kwa uzito. Marselino fundi ananishonea suti ya kijivu, kola pana. Nimemwambia mfuko wa juu uwe mkubwa wa kukaa hotuba.

Na jina limefika huku kabla yangu. Juzi stendi vijana wameniona wakaanza, "Mjomba Modemu! Krrrr! Ng'oooo!" Mpaka makondakta. Nikawainulia mkono kama askofu. Nilikuwa nawasema vibaya vijana wa siku hizi, kumbe heshima wanayo.

Mjomba wako, Mgeni Rasmi,
Isdori


Dar es Salaam
30 Juni 2024

Shikamoo mjomba,

Hali nzuri huku. Hii ya radi imepasua! Zaidi ya watu elfu arobaini wameisoma. Kuna kampuni ya vinywaji inataka kuweka tangazo lake ukurasani.

Sasa wanataka uchawi. Wewe ni mtu wa Sumbawanga bwana, watu wanashangaa mbona hujaweka ungo hata mmoja. Sema mliruka na modemu, sema lolote. Siku ya Wakongwe bado tunapanga. Harakisha, Ijumaa zinapita.

Beda


Katandala, Sumbawanga
21 Julai 2024

Mpwa wangu,

Salamu. Hatujambo, isipokuwa mama yako amelazwa tangu Jumatano, na isipokuwa mimi.

Nilivaa suti nikaenda stendi kwa Shamimu, mjukuu wa Shamsi, ana kibanda cha kutuma pesa. Nikamwambia, "Mama, nifungulie ukurasa wangu nijue watu wamependa wapi zaidi, nianzie hapo siku ya hotuba." Akaniangalia suti, akaniangalia uso. "Mzee Isdori, achana nayo hiyo." Nikamwambia soma. "Babu, hayafai." Nikamwambia mimi nimegeuza radi, soma.

Akasoma. Mmoja anasema mzee huyu apewe ungo, modemu haimfai. Mwingine anasema darasa la sita la shule ya mbuzi. Mwingine anauliza wazee kama hawa mnawafugia wapi, na yeye anataka wawili, dume na jike. Kuna aliyechukua picha yangu ya ubatizo wako, ile nimekupakata, ambayo kumbe uliiweka humo, akafanya mdomo wangu ufunguke na kufunga huku sauti ya modemu inatoka. Wewe umo mkononi kwangu, na nguo nyeupe, unatikisika.

Nikasema haya, wajinga wako kila mahali. Nikamwuliza, "Na hayo maneno makubwa ya juu kabisa kaandika nani?" Shamimu akajifanya kuna mteja. Hakukuwa na mteja. Nikangoja. Ndipo akasoma. "Mjomba wangu halisi, hajui hata kuwasha kompyuta. Cheka na sisi kila Ijumaa."

Kila Ijumaa, Beda. Kama njia ya msalaba.

Na mimi nilikuwa nawapungia mkono wale vijana.

Ondoa barua zangu. Nakuomba, na mimi kuomba sijazoea. Huku mtu hana kitu kingine zaidi ya anavyoitwa akipita. Na kama ile siku ya ukumbi ipo, niambie ukweli. Kama haipo, Marselino ana kijana wa kipaimara, suti itapunguzwa.

Mjomba wako,
Isdori


Dar es Salaam
11 Agosti 2024

Shikamoo,

Umekasirika bure. Mtandaoni kila mtu anachekwa, na wanaochekwa ndio wanaojulikana. Siku ya Wakongwe haikuwahi kuwepo, mjomba. Nilikuwa nakupa moyo wa kuandika.

Halafu tusidanganyane. Nimempigia Mzee Shamsi. Nimemwuliza Simba wa Ufipa alikuwa nani, akacheka mpaka akakohoa. Nimemrekodi. Anasema hivi: "Simba gani? Isdori alikuwa anakaa kwenye debe pembeni ya simu, mke wangu Mwantum asije akainyanyua kumpigia dada yake Mpanda. Maana simu ikinyanyuliwa tu, intaneti ya watu wote inakatika. Ndiyo kazi niliyompa, kuweka mkono juu ya simu. Siku zile za ukumbi, kompyuta hakugusa."

Kwa hiyo chagua. Nitumie la uchawi kabla mwezi huu haujaisha, au Ijumaa inayofuata naweka sauti ya Mzee Shamsi, na Sumbawanga nzima isikie mwenyekiti wao alikalia nini.

Beda


Katandala, Sumbawanga
2 Novemba 2024

Beda,

Salamu. Leo ni siku ya marehemu, nimetoka makaburini kufagia, mikono ina udongo, nisamehe karatasi.

Nilinyamaza na wewe ukaiweka sauti ya Shamsi. Nimeisikia. Imefika. Stendi hawalii krrrr tena. Nikitokea tu, mmoja anakimbia kuniletea debe. "Karibu ukae, mwenyekiti, simu isije ikanyanyuliwa." Suti ameivaa kijana wa Marselino, imempendeza kuliko mimi.

Shamsi hajasema uongo. Nilikaa kwenye debe, la mafuta ya kula, na Mwantum alikuwa na mwiko, kovu ninalo. Ila hakukwambia yote kwa sababu hukumwuliza. Wale waliokuwa wanaandika walikuwa wanasoma kwa sauti, na mimi kule kwenye debe nawaambia kwa kelele cha kujibu. Luciana akiuliza mvua, nachungulia mlangoni, mkono bado uko juu ya simu, nasema, "Mwambie imenyesha, mwambie kule kwao Mwazye wameshapanda ulezi." Wanaandika. Ile mvua aliyoipata Luciana India ilitoka kinywani kwangu. Jina langu hakuna aliyeliandika.

Mama yako amekatwa mguu, juu ya goti, mwezi wa tisa. Sikukupigia. Niliona usome mwenyewe kama wengine, maana nilikuandikia tangu Juni. Imo kwenye barua ya radi, katikati, umeipiga picha kwa mkono wako. Kidole cheusi, anauliza utakuja lini. Watu wako elfu arobaini walipita juu yake wakikimbilia kucheka, na wewe uliwatangulia. Salio la kumpigia Shamsi ulilipata.

Mmoja hakupita. Siku ile Shamimu alimruka kwa sababu hakuwa na tusi, aliniambia baadaye. Ni mama mmoja wa Tanga, simjui, hanijui. Kaandika, "Samahani mzee, huyo dada yako mguu unaendeleaje?" Nikamwambia Shamimu amjibu kwa jina langu. Akajibu. Na yule mama akarudisha jibu siku hiyo hiyo. Mpaka leo anauliza. Mama yako ikifika jioni ananituma stendi nikasikilize kama wa Tanga ameandika. Wewe hakutaji tena. Usifikiri amekasirika. Amezoea.

Sasa hili la mwisho libandike Ijumaa, au lichane, kwangu ni sawa.

Mwaka ambao Shamsi alikuwa anafunga ile biashara, jioni moja aliniambia, "Isdori, umelinda simu muda wote huu, njoo na wewe ukae kwenye kiti." Akanifungulia anwani yangu mwenyewe ya barua pepe. Mle ndani nikakuta barua moja imeshafika, inaniita kwa jina. Karibu, Isdori. Mimi, mtu ananiandikia mimi! Nikaijibu kwa kidole kimoja, nilitumia jioni nzima. Niliandika salamu nyingi, nikauliza mke na watoto hawajambo, nikamweleza na mvua. Kila siku nikawa namwomba Shamsi anitazamie jibu. Alichelewa sana kuniambia kwamba ile haikuandikwa na mtu, ni mashine, inampelekea kila anayefungua anwani.

Alipokuja kuniambia, nilikuwa nimeshaiandikia ya pili, kuiuliza kama nimeikosea.

Mjomba wako,
Isdori