Isari Hakupaswa Kufa

Nerima, Tokyo
11 Novemba

Mdogo wangu Kanoko,

Hujambo, na mama je? Goti lake linaivumilia baridi hii, au bado anapanda ngazi huku akikufokea wewe? Mimi ni mzima wa mwili, ila usingizi umenihama. Mapeari yamefika salama. Mwambie mama nimeyala yote peke yangu bila kumgawia mtu, acheke kidogo.

Nimepata pia makala yako ya jarida la maktaba, ile unamoipima hadithi yetu ya katuni, *Kengele za Bonde la Ukungu*, kuanzia juzuu ya kwanza hadi ya kumi na mbili. Uliniomba nikusahihishe ulipokosea, kwa kuwa ni mwaka wa kumi na moja sasa namchorea mwalimu Hatakeda mapaa na theluji. Nimeisoma mara nne. Ya nne sikuimaliza.

Kuhusu michoro, umesema hadi juzuu ya tisa mistari ilikuwa ya harakaharaka na nyumba zimepinda, lakini nyuso zilikuwa zinapumua. Kuanzia ya kumi milima imependeza mno, ila watu wanakaa kama waliokwenda kupigwa picha ya kitambulisho. Kuhusu wahusika, umesema Isari, binti wa mfua kengele, alikuwa na ulimi mkali kuliko nyundo yake, halafu ghafla akawa na adabu za mgeni. Hadithi ndiyo umeisifu. Umeandika kwamba kumuua Isari akiwa amebakiza siku moja tu kufika kwao ni uamuzi wa kijasiri kuliko yote, na kwamba ulilia ndani ya basi la kwenda kazini mpaka mzee mmoja akakupa leso.

Una jicho, Kanoko. Sasa nikueleze yaliyotokea, maana Alhamisi yatatangazwa na sitaki uyasome gazetini.

Mwalimu Hatakeda amefariki. Si wiki hii. Alifariki Februari ya mwaka jana.

Tangu mwaka mpya alikuwa akilalamikia kichwa, lakini kila Jumatatu mhariri wetu, Bwana Murase, alikuja kuchukua kurasa, na kila Jumatatu kurasa zilikuwepo. Asubuhi moja niliingia nikamkuta amelalia ubao wa kuchorea, wino umemwagikia mkono wa shati. Nikadhani amesinzia. Nilimgombeza, Kanoko. Nilimwambia, “Mwalimu, utaharibu kurasa!” Hospitali alikaa siku sita. Siku ya tatu ulimi wake ulifunguka kidogo, akaniambia hadithi itakavyoisha. Nilikuwa peke yangu naye chumbani.

Baada ya kifo, Bwana Murase alikuja kukaa nasi jikoni, mimi na mke wa marehemu, Bi Fumie. Alisema filamu ya katuni ya hadithi hiyo inaanza kwenye televisheni majira ya kuchipua, na habari zikitoka kila kitu kitasimama. Aliinamisha kichwa mpaka kikagusa meza. “Miezi sita tu, mama. Mizue atamalizia. Hii ni kazi ya maisha yake, tusiiache njiani.” Bi Fumie alikubali. Mwili ulichomwa wakiwepo ndugu wawili tu, na mifupa iliyobaki ikawekwa chumba cha nyuma badala ya kuzikwa. Miezi sita ikawa ishirini na moja. Muda wote huo majirani wakimuuliza Bi Fumie kama bwana hajambo, alijibu yuko ndani anachora. Kwa muuza samaki aliendelea kununua vipande viwili, asije akaulizwa.

Usidhani nililazimishwa. Nilitaka. Miaka yote ile sikuwahi kuruhusiwa kuchora uso hata mmoja.

Lakini macho ya Isari yalinishinda. Mwalimu aliyachora kwa mstari mmoja bila kuinua kalamu. Mimi nilijaribu mamia ya mara, yakatoka ya mwanasesere. Bwana Murase alitazama kurasa zangu akasema, “Haya macho yamekufa, Mizue. Wasomaji wataanza kuuliza.” Ndipo nikamwambia kwamba mwalimu, kabla hajakata roho, aliagiza Isari afe. Bwana Murase alitoa kalamu akaliandika neno hilo kwa heshima zote.

Nilisema uongo. Alichoniambia mwalimu ni kwamba Isari anafika nyumbani, anamkuta baba yake anakula, naye Isari anamwambia, “Sogea.” Basi. Alinisisitiza nisiongeze neno lolote. Nilimuua msichana yule kwa sababu sikuweza kumchora.

Jumatano iliyopita Bi Fumie aliniita. Juzuu ya kumi na mbili ilikuwa mezani. Aliniuliza kama kweli Soichi, mumewe, aliagiza vile, nami nikajibu hapana. Hakunipigia kelele, afadhali angenipigia. Alisema, “Nimemficha mume wangu nikidhani kazi inayoendelea ni yake. Kumbe nimemficha bure.” Akainuka, akampigia simu Bwana Murase mbele yangu, akamwambia imetosha. Mazishi ya wazi ni Jumapili. Nilipouliza kama naweza kuja, alisema mlango utakuwa wazi kwa wasomaji wote, basi nije kama msomaji.

Makala yako iache ilivyo kuhusu michoro na wahusika; hapo hujakosea hata nukta. Pale ulipousifu ujasiri wa mwalimu ndipo pa kufuta. Haukuwa ujasiri, na aliyeamua hakuwa mwalimu.

Mama msomee wewe, polepole, akishakula. Najua amewatangazia majirani kazi yangu mpaka wamechoka. Desemba nitakuja, kama atataka kuniona. Nawe ukinikasirikia, ni haki yako, kwa sababu machozi yale nilikuibia.

Msalimie mama, na wenzako wa kazini. Jifunikeni vizuri.

Dada yako,
Mizue