Mjukuu Anayezibwa Kinywa Akicheka

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, lakini kabla ya msaada naomba radhi, kwa sababu nimekaa kimya tangu uliponishauri nimwache binti yangu Sada amalize darasa lake ndipo aolewe, nami nikaufuata ushauri huo na ukafaa, kisha sikukuandikia hata mstari mmoja wa shukrani, jambo ambalo nisingemsamehe mwanafunzi yeyote siku zile nilipokuwa nikifundisha katika shule ya serikali. Sada ameolewa na kijana mwema, Pazi, ambaye anafanya kazi katika bandari mpya ya Mtwara, na kwa kuwa hajapata nyumba ya kukaa na mkewe, Sada alirudi kwangu hapa Mitwero kujifungua, akapata mtoto wa kiume tuliyempa jina la Tawakali.

Mtoto huyo ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Alizaliwa mnene, akakaza shingo kwa wakati wake, akamjua mama yake kwa wakati wake, na akapenda kucheka kuliko mtoto yeyote niliyepata kumlea. Mwezi wa Mfungo Sita, dada yangu, Bi Mwahija, ambaye ndiye mkubwa wa nyumba hii tangu mke wangu alipofariki, alikuwa akimlisha uji, kijiko kikagonga kitu kigumu, akamtazama kinywani, akaona meno mawili yakitokeza katika ufizi wa juu, ilhali wa chini ulikuwa mtupu. Aliweka bakuli chini akafunga mlango. Nawe ni mtu wa pwani, unajua tunavyomwita mtoto anayetanguliza meno ya juu: kigego. Inasemekana kila jino lake hula mtu wa jamaa yake. Zamani mtoto kama huyo hakuachwa akakua. Siku hizi hakuna anayethubutu kutenda hayo, basi hufichwa mpaka meno ya chini yaote, ili watu wayaone yote pamoja wasijue yapi yalitangulia.

Ningalicheka, Mshauri, maana mimi mwenyewe sina jino la juu hata moja na hakuna anayeniogopa, na hivyo ndivyo nilivyomwambia dada. Akanijibu, “Yako yanaondoka, Maftaha. Ya huyu yanakuja.” Na juma halijaisha, ndugu yetu Kibwana akafariki dunia humu humu nyumbani, katika chumba cha mbele, alikolala kwa ugonjwa wa kifua tangu mvua za mwaka jana, akikohoa na kukonda, Bi Mwahija akimwuguza, naye akikataa hospitali kila nilipomtajia, na furaha yake pekee ilikuwa kulaziwa mtoto kifuani achezewe ndevu. Tangu siku ya matanga dada hana neno nami ila moja: “Ndugu yako yuko wapi?”

Basi ikawa sheria ya nyumba: mgeni akipiga hodi, mtoto anafunikwa kanga, akicheka, mama yake anamziba kinywa kwa kiganja. Jirani yetu Adija, ambaye ulimi wake haujui kupumzika, alisema barazani watu wakisikia, “Mwalimu, mjukuu unamlea au unamfuga? Hata sungura hutolewa akaota jua!” Nikacheka naye.

Sasa mtoto ni mgonjwa. Anakohoa, mwili unapata joto kila jioni, mapaja yamekonda, na wakati wenzake wanakaa wenyewe mkekani, yeye ukimkalisha anaanguka ubavu. Kliniki ya watoto iko Lindi mjini, si mbali, na kabla ya meno Sada alikuwa akimpeleka huko kupimwa uzito bila kukosa. Lakini huko mkunga humfungua kila mtoto kinywa mbele ya akina mama waliokaa kwenye benchi, na Bi Mwahija ameapa kwamba haendi mtu. “Akifunguliwa kinywa pale,” asema, “mji mzima utajua kabla hakijafungwa, na talaka ya Sada italetwa na basi la kesho yake.” Yeye amekwisha kupatana na mganga mmoja wa Milola, ambaye atamng’oa mtoto meno hayo na kumweka kwa bibi mmoja huko mpaka ya chini yaote, bila mama yake, kwa sababu, wanasema, mama akiwapo dawa haifanyi kazi. Kuna lori la muhogo litakalorudi Milola mwezi ukiandama, na nafasi imekwisha kuombwa. Nisimsingizie dada yangu: ndiye anayemkanda mtoto huyu kila asubuhi, na nimemwona akilia huku akidhani simwoni.

Juzi Sada alinishika mkono uani. “Baba, nimfunike mpaka lini? Jana nimeweka kiganja kwa mazoea tu, kumbe wala hacheki. Ana siku nyingi hajacheka.”

Bi Mwahija akajibu kutoka jikoni, “Afadhali. Kicheko chake ndicho kilichotumaliza.”

Nikimpeleka mtoto kliniki, ninamvunjia heshima dada aliyenilea tulipofiwa na mama yetu, na labda ninaivunja ndoa ya mwanangu. Nikimwacha aende Milola, naogopa kwamba hatarudi. Na liko jambo jingine ambalo naona haya kuliandika: mimi niliyefundisha somo la afya ubaoni, nikimpakata mjukuu wangu, nayatazama yale meno na moyo unanienda mbio. Tafadhali nishauri. Nitakuandikia mara nitakapokuwa nimeamua, na safari hii sitakaa kimya.

Wako mtiifu,
Maftaha, Mitwero, Lindi

JIBU LA MSHAURI

Mwalimu,

Jibu hili nilikutumia kwa posta siku ile ile barua yako iliponifikia. Nalichapa hapa, bila majina yenu ya kweli, kwa sababu si nyumba yako peke yake inayoziba watoto vinywa.

Kimya chako nimekisamehe. Kwa msiba wa ndugu yako nakupa pole, pole ya kweli. Sasa nitakukaripia.

Isome tena barua yako kama ambavyo ungalisoma insha ya mwanafunzi. Umeandika kwamba Kibwana alilala kwa kifua tangu mvua za mwaka jana. Je, wakati ule Tawakali alikuwa na jino gani? Limemuuaje mtu aliyekuwa akiisha kabla halijaota? Umeandika kwamba alikataa hospitali. Umeandika kwamba mtoto alikuwa akilazwa juu ya kifua kile. Umeandika kwamba sasa mtoto anakohoa, anapata joto jioni, anakonda. Yote hayo umeyaandika kwa mkono wako, kisha ukayaruka ukaenda kutazama meno! Mwalimu, mtoto hakumpa ndugu yako kitu. Naogopa kwamba ndugu yako ndiye aliyempa mtoto.

Mimi si daktari, na ugonjwa sitautaja jina. Lakini kifua cha namna ile hupita kutoka kwa mtu hata kwa mtu. Wazazi wetu hawakuwa na dawa yake. Leo dawa ipo, na mtoto mchanga hana nguvu za kungojea mwezi uandame.

Ama meno, watoto wengi hutanguliza ya chini, wachache hutanguliza ya juu, kama vile wako wanaosimama bila kutambaa kwanza. Hakuna zaidi ya hayo. Asiguswe ufizi na mtu yeyote wa Milola wala wa kwingineko. Nafasi yake katika lori waachie muhogo.

Ukiisha kusoma hapa, andaa safari ya kliniki kesho asubuhi. Mwende wewe, Sada na Bi Mwahija. Ndiyo, Bi Mwahija. Usimwibe mtoto mikononi mwake, kwa maana anampenda, na amebeba hofu ya nyumba nzima peke yake huku wewe ukicheka barazani na majirani. Mwambie, “Dada, ulinilea mimi, njoo umshike huyu.” Tena yeye ndiye aliyemwuguza Kibwana, kwa hiyo kifua chake nacho kisikilizwe, na chako, na cha Sada. Mkifika, tangulia ndani umwombe mkunga faragha. Hakuna mkunga atakayekunyima mlango wa kufunga. Neno lako la kwanza kwake lisiwe meno. Mwambie hivi: mtoto huyu alikuwa akilala kifuani mwa mtu aliyekuwa akikohoa, na mtu huyo amefariki.

Pazi aandikiwe leo hii. Mtoto ni wake, naye ndiye wa mwisho kuambiwa! Ikiwa ni mume wa kumwacha mke kwa ajili ya meno mawili, ni heri ajulikane mapema. Lakini nadhani mnamdhulumu kijana ambaye hamjamwuliza neno.

Unasema moyo unakwenda mbio. Si dhambi, wala sitaki ujifanye jasiri. Ogopa, Mwalimu, ila uogope ukiwa ndani ya basi.

Nawe Sada, najua utaisoma barua hii, kwa kuwa darasa ulimaliza. Ondoa kiganja chako, binti yangu. Mtoto hujifunza kucheka kwa kuona anachekewa, na wa kwako amefundishwa kwamba akicheka hukosa pumzi. Itakubidi uanze upya naye. Anza leo, mlango ukiwa wazi.

Umeahidi, Mwalimu, kuniandikia utakapokuwa umeamua. Barua hiyo siitaki, kwa sababu hapa hapana la kuamua. Niandikie siku Tawakali atakapocheka tena, uniambie walikuwapo nani chumbani, na kama yuko aliyenyoosha mkono kumziba.