Sala Elfu na Hamsini Kwenye Kiti

Jumanne, baada ya Isha

Yote haya kayaleta Bwana Athmani, jirani yangu muuza nazi. Mgongo uliponiuma alisema, "Diski hiyo ya uti imetoka! Usiiname tena, utapooza." Akanibebea kiti mwenyewe mpaka msikitini. Miezi saba, sala tano kwa siku: elfu na hamsini nimesali nimekaa, natazama migongo ya wenzangu.

Leo tabibu wa viungo, binti mdogo tu, akaniambia, "Hebu rukuu, Bwana Fundi."

Nikarukuu kwa woga. Maumivu yakapungua!

"Sasa jipinde nyuma kama unatazama dari."

Nikapiga ukelele.

Kumbe ni viungo vidogo vya nyuma ya uti wa mgongo. Nikijipinda nyuma vinabanana, nikiinama vinaachana. Na mimi miaka kumi na nane napiga lipu dari za Shela, uso juu, kiuno nyuma! Anataka niinue jukwaa nisijipinde, nipumzike kila nusu saa.

Kazi nyingine siijui, na hilo linanitisha. Lakini ukuta naupima mara tatu, mgongo wangu nikamwachia muuza nazi aupime.

Alfajiri narudi safuni. Kiti nambebea Athmani mwenyewe mpaka mlangoni kwake. Akikalie.