Mtamba wa Sindano

Mjukuu wangu Naserian,

Sopa. Hapa Kitengela tuko salama, na mama yako anakusalimia sana.

Umeniuliza kama ukubali sindano ya kuongeza nguvu ya kocha wenu wa mbio, kwa kuwa wenzako wamekubali. Mimi nilidungwa, miaka ya tisini, kabla ya mbio za Kajiado. Nilishinda, nikapewa mtamba. Nilipompelekea mama yangu kule Bisil, nilimwambia siri hiyo nikicheka. Hakunigombeza. Mtamba alizaa, sote tukanywa maziwa. Mama peke yake alibaki na chai ya turungi, isiyo na maziwa, miaka yote.

Ukame ulimuua yule ng'ombe. Nikafulia watu nguo hadi nikanunua mwingine. Siku nilipomkama mara ya kwanza, mama alininyooshea kikombe chake. "Niwekee maziwa," akasema.

Koko wako