Keki ya Majani ya Barabarani

Dada yangu Dorka,

Chamge, kama mnavyosalimiana huko Sigowet, na amani ya Bwana iwe nawe. Goti lako linaendeleaje? Na yule ng'ombe mwekundu, alizaa salama? Sisi tunapumua. Zaidi ya hapo nitakuwa nakudanganya.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenu simu huwekwa sauti ya juu nyumba nzima ikasikia, na haya nataka uyasome peke yako kwanza. Nimemwomba mchungaji anayerudi Kericho akupe barua hii mkononi.

Huku ng'ambo kwa binti yetu Akinyi ni mwezi wa kumi na miti inamwaga majani. Miaka mingi niliwafundisha watoto wa estate ya chai habari za msimu huu, nikiwachorea mti mtupu ubaoni, na mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuuona. Wewe umezeeka ukitazama chai ambayo ni kijani Januari hadi Desemba. Hutaamini jinsi mti mzima unavyovuliwa nguo kwa wiki mbili. Yakishaanguka, majani hulala barabarani yakikanyagwa na hakuna anayejali.

Hali ya Mama Akinyi imeteremka. Hujui, kwa sababu kwenye simu nimekuwa nikikuambia amelala. Anauliza leo ni siku gani, namjibu, kisha anauliza tena kabla sijafunga mdomo. Jumanne iliyopita nilikuta mlango wa mbele uko wazi. Alikuwa kando ya barabara, shali ameifunga mgongoni kama kikapu cha kuchumia, ameinama anaokota majani.

"Baba Akinyi, umesimama tu kama karani!" akanifokea. "Majani yote haya yamemwagika na lori ya kiwanda iko njiani."

"Haya si ya kuchuma, mama."

"Nani amekwambia? Wewe maisha yako yote umeshika chaki."

Kwetu ukisema majani, nani hufikiria kitu kingine isipokuwa chai? Neno halikumpotea hata kidogo. Kilichopotea ni shamba lenyewe. Jirani mmoja alikuwa akitutazama dirishani, nami nikaona haya, si kwa ajili yake bali kwa ajili yangu, kwa sababu nilikuwa namvuta mke wangu mkono mbele ya watu kama mwizi.

Nilimrudisha ndani kwa kumwahidi kwamba tutaoka keki ya tangawizi. Watu wa huku huioka msimu huu baridi ikianza, na duka la kona linanuka mdalasini tangu asubuhi. Yeye anaijua ya kwetu, ile aliyofundishwa na akina mama wa kanisa kule estate: sufuria nzito, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, na sukari nguru iliyoyeyushwa ndani ya strungi kali, chai nyeusi isiyo na tone la maziwa. Sukari nguru Akinyi huipata kwa Wahindi. Mikono ya Mama Akinyi haijasahau, Dorka. Alikwaruza tangawizi bila kujikata. Nilipochukua kijiko kupima mdalasini alicheka: "Unapima kama dawa ya minyoo!" Sikumbuki mara ya mwisho alipocheka.

Nilikwenda kutafuta karafuu, naye akachemsha strungi. Keki ilikuwa tayari imo ndani ya oveni nilipoona chujio. Lilikuwa limejaa majani ya barabarani, mengine bado na vikonyo vyake.

Ningeitupa keki hapo hapo. Lakini alikuwa ameketi mbele ya kioo cha oveni, anaitazama ikiumuka. Ilipoiva nilionja mimi kwanza, nikangoja kama nusu saa, kisha nikamkatia kipande. Ilikuwa na uchungu kidogo nyuma ya tangawizi. Kosa hilo ni langu. Yeye hana kosa.

Alipomaliza akafuta mdomo, na uso wake ukawa ule wa zamani kabisa. Nikaona niulize wakati akili yake imerudi.

"Turudi nyumbani?"

"Nyumbani wapi? Chepseon kumebaki nini, jivu?"

"Basi twende kwa Dorka, Sigowet."

"Kwa Dorka nitaenda. Lakini mume wake alikuwa pale."

"Pale wapi?"

"Siku tulipochomewa nyumba na watu wa kwao. Alisimama karibu na tangi letu la maji, mikono mfukoni. Aliniona, nikamwona. Moto hakushika. Alisimama tu."

Nikamuuliza kwa nini miaka yote hii hakuniambia.

"Ningekuambia, ungeacha kukanyaga kwao. Na Dorka angekuwa na nani?"

Baada ya dakika kumi aliniuliza kama lori imepita.

Akinyi aliporudi kutoka kazini alilikuta chujio. Nilimweleza yote ya keki. Akaketi sakafuni na koti lake akalia. "Baba, siku moja nitarudi niwakute mmekufa wote wawili." Ana haki. Ameandikisha jina la mama yake katika nyumba ya wazee, na nafasi hupatikana mmoja wao akifa. Nimeitembelea. Ni safi. Lakini Kiingereza kimemtoka Mama Akinyi, na mle ndani hakuna mtu atakayejua anaomba maji.

Ndiyo sababu naomba kumleta kwako kabla nafasi haijapatikana. Daktari anasema bado anaweza kusafiri, lakini si kwa muda mrefu. Nitamwogesha na kumlisha mwenyewe. Sitaki ubebe mzigo huo na hilo goti.

Msalimie Chepkoech, kifungua mimba wako, na wanafunzi wake kule Merigi. Msalimie mama mkwe wako, nyanya wa boma, na umwambie bado nakumbuka maziwa yake ya mala. Baba Chepkoech pia mpe salamu zangu. Nimezifikiria kabla ya kuziandika.

Labda siku ile alikuja kuwazuia wenzake, akashindwa. Labda aliogopa. Simwiti mchomaji, na sitamuuliza. Lakini lazima ujue jambo moja: tangu Jumanne Mama Akinyi anasahau kila kitu isipokuwa hilo. Kila asubuhi, akishika kikombe, analisema kwa maneno yaleyale: tangi, mikono mfukoni, alisimama tu. Siwezi kumnyamazisha, na hata ningeweza sidhani ningefanya hivyo.

Kwa hiyo siulizi kama kuna chumba. Nauliza kama mumeo anaweza kuketi mezani kila asubuhi, katika nyumba yake mwenyewe, akaambiwa alikosimama. Msomee barua hii mkiwa wawili. Kisha jibu aliandike yeye.

Kaka yako wa tumbo moja,
Elisha