Siku Rubani Alipoanza Kusoma Upya

Mjukuu wangu Lutengano, kamwene! Huku Uwemba tu wazima, na mjomba wako amevuna viazi hadi kakosa pa kuviweka. Unauliza kwa nini mwalimu wako wa urubani anakulazimisha kusoma orodha ya ukaguzi uliyokwisha kuikariri.

Miaka ile maduka yalipoanza kujaa bidhaa tena baada ya uhaba, nilikuwa muuguzi kijana. Helikopta ilinifuata Makambako inipeleke Manda, kwa mama aliyekuwa na uchungu siku ya pili. Rubani akiwa katikati ya ukaguzi, mfanyabiashara mmoja akaja kumsalimia. Alipoondoka, rubani akarudi mstari wa kwanza wa orodha.

"Kaka, si ulishasoma? Mgonjwa anasubiri!" nilifoka.

"Nimekatizwa, dada. Naanza upya."

Akaizunguka tena helikopta, akakuta kifuniko bado kimeziba tundu la hewa la injini. Akakitoa, akanionyesha. Kisha akawasha, macho kwenye kipimo cha joto mpaka injini ilipotulia. Tukapaa! Nilipiga vigelegele hadi milima ya Ludewa. Jioni ile nilimpokea mtoto, analia kwa nguvu zote!

Siku utakaponirusha mimi, mume wangu, soma polepole. Sitafoka.

Bibi yako anayekupenda