Nurzada Hakubebwa

Shoga, bado natetemeka kwa hasira. Binamu yangu Nurzada kaolewa leo, lakini ngoja usikie!

Tumefika ofisi ya ndoa hapa Bishkek. Ukumbi uko ghorofani, lifti hakuna. Nurzada yuko chini kwenye kiti chake cha magurudumu, kavaa gauni jeupe. Msajili, mama mmoja, akachungulia toka juu, nywele zimesimama kama kichuguu: "Bwana harusi apande. Bibi harusi abaki hapo, tutampigia video."

Video! Harusi yake mwenyewe, apigiwe video!

Mjomba akasema basi abebwe. Nurzada akamkata: "Mimi si gunia la viazi, mjomba." Akaegesha kiti palepale mwanzo wa ngazi, akafunga breki. Hapandi mtu! Maharusi wengine wamekwama na maua yao, mpaka mmoja akapiga kelele: "Mama, shuka wewe, unatuchelewesha!"

Akashuka, shoga. Kanuna, kitabu kwapani, viatu virefu ko ko ko. Hata samahani hakusema. Akakohoa, akaanza kukariri kama kasuku: "Maharusi, tafadhali simameni."

Simameni! Anamwambia nani?

Tilek, bwana harusi, akakaa sakafuni na suti yake mpya, kando ya gurudumu, akamshika Nurzada mkono. Mjomba naye akakaa. Mama mkwe akakaa. Tukakaa wote, na wale wageni wa harusi nyingine pia.

Ndoa imefungwa hivyo hivyo. Aliyesimama ni yule mama peke yake.